Mgomba Usiozaa Mbegu

Kata ndizi mbivu kwa kuikingamisha, kisha utazame katikati. Utaona vitone vidogo vyeusi vimejipanga kuzunguka kiini cha tunda, laini kiasi kwamba mlaji hata havihisi ulimini. Hivyo ni vijiyai ambavyo vingekuwa mbegu. Katika ndizi mwitu za misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako maua huchavushwa na popo na ndege wanyonyao nekta, nafasi hizo zimejaa mbegu nyeusi, ngumu za kuvunja jino, na nyama ya kula ni kidogo mno. Mgomba mwitu una seti mbili za kromosomu, 11 kwa kila seti. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu, yaani kromosomu 33, na hapo ndipo penye mkwamo: kutengeneza chavua au yai kunahitaji seli igawe seti zake nusu kwa nusu, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Ukichanganya utasa huo na tabia nyingine ya kurithi, ya tunda kunenepa bila kuchavushwa, unapata ndizi tunayoijua. Kwa mmea hizo ni kasoro. Mkulima alizipenda, akazitunza kwa kupandikiza machipukizi kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo mgomba unatupa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya kwa muda mrefu hivyo: mmea ulioacha kuzaliana kwa mbegu, ukaenezwa kwa vipande vya mwili wake kwa maelfu ya miaka. Kinachojitokeza, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi kubwa ya mbegu si kuongeza idadi. Kwa kuongeza idadi, chipukizi ni bora kuliko mbegu: halihitaji nekta ya kumvutia mdudu, halipotezi chavua kwa upepo, tena linabeba urithi wa mama ambao tayari umethibitika kufaa shambani. Uzalianaji wa kijinsia ni ghali, na ubaya wake zaidi ni kwamba huvunja kila mchanganyiko mzuri wa jeni uliokwisha kupatikana. Hata hivyo mimea itoayo maua, ambayo ina spishi zipatazo 300,000, karibu yote imeendelea kulipa gharama hiyo. Lazima kuna kinachonunuliwa.

Kinachonunuliwa ni watoto wasiofanana. Ndizi ya Gros Michel ndiyo iliyotawala biashara ya dunia mwanzoni mwa karne ya 20, na kila mgomba wake katika mashamba ya Amerika ya Kati ulikuwa nakala ya mwenzake. Kuvu wa udongoni anayeitwa Fusarium, chanzo cha ugonjwa wa Panama, alipopata njia ya kuingia kwenye mizizi ya mmoja alikuwa amepata ufunguo wa milango yote. Kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara walikuwa wameiacha, wakahamia Cavendish, ambayo kuvu huyo hakuiweza. Kisha aina nyingine ya kuvu yuleyule, inayojulikana kama TR4, ikaanza kuiua Cavendish huko Asia. Mwaka 2013 ikaripotiwa Msumbiji, na mwaka 2019 Kolombia.

Mtu anaweza kusema kwamba hapa tunalilaumu chipukizi kwa kosa la mwenye shamba. Hata mahindi, ambayo huzaliwa kwa mbegu, yaliangamia kwa wingi nchini Marekani mwaka 1970 kwa sababu sehemu kubwa ya mashamba ilibeba urithi wa aina moja. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaishia njiani. Wakulima wa mahindi walipata mbegu nyingine na kutoka kwenye balaa hilo haraka, kwa kuwa mahindi huchanganyika upya kila msimu. Kwa ndizi hapakuwa na namna ila kutafuta nakala nyingine ambayo tayari ilikuwapo na kuomba adui asiijue.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwetu. Nyanda za juu kuanzia Kagera hadi Uganda, Rwanda na Burundi zina ndizi za majina chungu nzima: kuna Nakitembe, Mpologoma na Kibuzi, na kuna zinazofaa pombe tu. Je, huo si uanuwai uliopatikana bila mbegu? Kwa macho, ndiyo. Lakini wataalamu walipochunguza jeni za ndizi hizi za kupika walizikuta zinakaribiana mno, dalili kwamba zimetokana na ukoo mmoja. Mabadiliko madogo ya bahati yalitokea kwenye chipukizi hili na lile, na jicho kali la mkulima likayaona na kuyatenga. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini imebadilisha zaidi umbo la mkungu, rangi na ladha kuliko kinga; ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 uliyapiga mengi ya majina hayo.

Tena kuna jambo ambalo mtetezi wa mbegu hapaswi kulificha: kuvu wa Panama mwenyewe hajawahi kuonekana akizaliana kijinsia. Mbona yeye anabadilika? Kwa sababu hutoa mbegukuvu nyingi mno kwa muda mfupi, hivyo hata mabadiliko ya nadra humtosha. Mgomba unachukua mwaka au zaidi kutoa mkungu mmoja. Kiumbe mkubwa anayeishi polepole hawezi kushindana na mdogo wa haraka kwa kungoja bahati. Kuchanganya urithi wa wazazi wawili ndiyo njia yake ya kubadilisha mambo mengi kwa mkupuo.

Ndiyo maana watafiti nchini Uganda wamelazimika kuurudisha mgomba kwenye ndoa. Baadhi ya ndizi za kupika si tasa kabisa: maua yake ya kike yakipakwa kwa mkono chavua ya mgomba mwitu unaoitwa Calcutta 4, na kufunikwa mfuko ili chavua nyingine isiingie, mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache, au usitoe hata moja. Kiinitete hutolewa ndani ya mbegu na kukuzwa kwenye chupa ya maabara, maana udongoni nyingi hazioti. Baadhi ya watoto wa ndoa hiyo hupata seti nne za kromosomu, kwa hiyo huozeshwa tena kwa mzazi mwenye seti mbili ili wajukuu wawe na tatu na wasitie mbegu kwenye tunda. Ndizi ya Kiwangaazi, iliyoidhinishwa Uganda mwaka 2010, ilipita njia hii, ikavuka mtihani wa magonjwa, na bado ikabidi ipikwe ionekane kama inalainika na kugeuka njano inavyotakiwa. Baada ya hapo huongezwa kwa machipukizi, na kila mgomba wake ni nakala ya mwenzake.