Je, Wajua? Kitenzi cha Kiganda hukuambia ni jana au zamani

Ukiwa Kimaka, Jinja, ukasikia mtu akisema kwa Kiganda "twalabye" (tuliona), jua yeye na wenzake waliona jambo hilo karibuni, tuseme jana jioni. Akisema "twalaba", ni la zamani: mwaka jana, au enzi za babu yake. Tofauti yote imo mkiani, kati ya -ye na -a. Huna haja ya kuuliza "lini?"

Kiswahili hakijali. "Tuliona" ni ya jana na ya 1962 vilevile. Ila ukikanusha, -li- hutoweka kabisa na -ku- huingia: "hatukuona".

Kihispania nacho hubadilisha mwisho kwa kila nafsi. Kitenzi "hablar", kuzungumza, huwa hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Angalia alama ile ndogo juu ya o, maana ina nguvu ajabu: "hablo" ni "nazungumza", "habló" ni "alizungumza". Wakati umebadilika, na mtu pia!

Na mjini Madrid, mazungumzo ya asubuhi ya leo kwa kawaida ni "he hablado". Ya jana ndiyo "hablé".