Neno "usukani" katika mafunzo ya urubani: mtazamo kutoka Fizi na Baraka

Makala haya yanachunguza neno moja, usukani, na namna linavyoweza kumsaidia au kumponza mwanafunzi wa urubani aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika.

Msamiati wa urubani umetoka majini. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mwongozaji wa chombo cha baharini. Usukani, wenye asili hiyohiyo, ni ubao wa tezini unaokielekeza chombo. Ndege zilipokuja, maneno hayo yalipewa kazi mpya. Ziwa lenyewe liliziona mapema: mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za majini kutoka ufuko wa magharibi, kusini mwa Fizi, wakaishambulia Kigoma.

Mtoto wa Baraka hujua mapema kwamba chombo huongozwa kutoka nyuma. Anayekaa tezini akigeuza kasia au mkono wa mota, chombo chote hugeuka. Ndege, kinyume chake, huongozwa kwa namna tatu. Kwanza, fimbo ikivutwa au kusukumwa, bamba la mkiani huinua au huinamisha pua. Pili, fimbo hiyo ikilazwa kushoto au kulia, mabamba ya mabawani hushusha bawa moja na kupandisha jingine. Tatu, pedali husogeza bamba la wima la mkiani, na pua huelekea upande. Bamba hili ndilo lililorithi jina la usukani.

Hapo ndipo penye mtego. Ndege haigeuzwi hasa kwa usukani, bali kwa kulaza mabawa: nguvu inayoibeba huelemea upande na kuivuta ndege katika kona. Kwa kuwa bawa linalopanda hukokotwa zaidi na hewa, pua hutaka kwenda kinyume cha kona, usukani huirekebisha. Mwanafunzi akilazimisha kona kwa pedali huku mwendo ni mdogo, na akivuta fimbo ili asishuke, mabawa huzidi pembe ambayo hewa huweza kuifuata. Bawa moja huacha kubeba kabla ya jingine, na ndege huanguka ikizunguka. Katika kona ya mwisho kabla ya kutua, hakuna kimo cha kujiokoa. Aidha, milimani kuelekea Itombwe hewa ni nyepesi na injini hupungua nguvu. Kosa dogo husamehewa kwa nadra.

Hivyo basi, si lazima neno usukani litupwe, kwani linatambulisha umbo na mahali pa kifaa. Linalohitajika ni mwalimu kutenganisha jina na kazi tangu somo la kwanza, kwa vitenzi viwili vinavyoeleweka na kila mwanafunzi wa ufukoni: majini usukani hugeuza, angani hunyoosha.