Bunduki Nyepesi na Upepo wa Wyoming

Mwindaji wa kulungu katika nyika za Wyoming huanza kuunung'unikia uzito wa bunduki yake kabla ya saa nne asubuhi. Amekwisha kupanda na kushuka vilima ambavyo kwa mbali alividhani uwanja sawa, mkanda unamkata bega, na kulungu mwenyewe hajaonekana. Ndiyo maana swali la kwanza dukani huwa ni kilo ngapi. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, ikiwa na darubini yake na risasi ndani, hufika kilo nne. Inayoitwa nyepesi haifiki kilo tatu ikiwa tupu, na zipo zisizofika mbili na nusu. Swali ni halali. Kinachoniudhi ni kwamba wengi huishia hapo, ilhali mwenye neno la mwisho katika nyika ile ni upepo.

Kulungu wa huko si wa ukoo wa swala wetu. Dume huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, jambo ambalo swala haliwezi, na Afrika kusini ya Sahara haina mnyama wa asili wa ukoo huo hata mmoja. Wamarekani wamempa jina la baghala kwa sababu ya masikio yake. Akishtuka huruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, vilevile kama swala tomi wa Serengeti, na kwenye nyasi fupi humwona mtu kutoka mbali sana. Mti wa kujifichia hakuna. Basi mwindaji hujikuta akipiga kutoka mita 200, mara 250, mara 300, na katika umbali huo mambo mawili huipotosha risasi: kushuka na upepo.

Kushuka si shida tena. Risasi iliyokaa hewani kwa sekunde 0.4 hushuka kama sentimita 75 chini ya mstari wa mtutu, iwe nzito au nyepesi, nawe ukiujua umbali unajua pa kulenga. Kipimo cha leza kinachoingia mfukoni hukupa umbali huo mara moja. Mvutano wa dunia wa jana ndio wa leo. Upepo hauna adabu hiyo, na Wyoming ni mahali ambapo barabara kuu namba 80 hufungiwa malori matupu kwa sababu ya upepo.

Waulize watu upepo unaihamishaje risasi. Wengi watakwambia unaisukuma ubavuni. Tufanye hesabu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unatoka kushoto. Risasi imeuacha mtutu kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde na imetumia sekunde 0.415 kufika mita 300. Kama upepo ungeichukua ubavuni na kwenda nayo, ingefika imehama mita mbili nzima, na hakuna kulungu ambaye angewahi kupigwa Wyoming. Kwa kweli huhama kama sentimita 20. Hizo nyingine zimekwenda wapi?

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopinda inayoizungusha risasi mithili ya pia ya watoto, takriban mizunguko 4,000 kwa sekunde. Kwa mzunguko huo ncha ya risasi hubaki ikiikabili hewa inayoijia. Na hewa inayoijia ni ya namna mbili zilizoungana: ile ya mbele inayoipasua, na ule upepo wa kushoto. Kwa hiyo, mara tu inapotoka, risasi huigeuza ncha yake kushoto kwa kiasi ambacho jicho halingekiona hata kama lingeweza kuifuata. Tangu hapo upepo haupati ubavu wa kusukuma. Kinachobaki ni ukinzani wa hewa, ambao huivuta risasi kinyumenyume kwa mstari wa mwili wake. Na kwa kuwa kichwa kimeelekea kushoto kidogo, mkia umeelekea kulia kidogo, na huko ndiko inakovutwa.

Kutokana na hayo kuna kanuni fupi ajabu, inayohusishwa na Mfaransa Isidore Didion wa karne ya 19. Chukua muda halisi wa safari, toa muda ambao safari hiyo ingechukua pasipo hewa, zidisha kwa kasi ya upepo. Pasipo hewa, mita 300 zingekwisha kwa sekunde 0.375. Zimechukua 0.415. Tofauti ni 0.04, mara mita 5, unapata sentimita 20. Upepo hautozi safari nzima, unatoza kuchelewa peke yake.

Ukishaelewa hilo, masimulizi mengi ya vijiweni yanapoteza nguvu. Husemwa kwamba risasi nzito ndiyo inayoukata upepo. Nzito iliyo nene na yenye kichwa butu huchelewa sana, na hivyo hupotoshwa sana. Inayokata upepo ni ile nyembamba, ndefu kwa unene wake, yenye ncha kali na mkia uliochongwa. Ndiyo siri ya risasi zenye unene wa milimita 6.5 na milimita 7. Wasweden walikuwa na yao ya 6.5 mwaka 1894, Winchester walitoa .270, ambayo kwa kweli inakaribia sana milimita 7, mwaka 1925, na 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha kabla wawindaji hawajaivamia. Kati ya hizi, kwa kulungu wa mita 250, tofauti ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya watu kununiana.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata wazoefu. Upepo ulio karibu nawe una uzito kuliko ulio karibu na mnyama. Risasi iliyopindishwa kidogo mapema huendelea na pembe hiyo njia nzima. Iliyopindishwa mwishoni haina muda wa kwenda mbali. Mwindaji anayekodolea macho nyasi zilizo miguuni mwa kulungu angefanya vyema kutazama kwanza zilizo mbele ya pua yake. Siku ya jua kali darubini humsaidia pia: mazigazi yanayotetemeka juu ya ardhi hulala upande upepo unakoelekea, na yakisimama wima, upepo umetulia au unatoka mbele yako au nyuma yako.

Sasa turudi kwenye kilo, maana wepesi una bei. Ya kwanza hulipwa na bega. Bunduki hurudi nyuma kwa msukumo uleule hata ikiwa nyepesi, ila nguvu ya teke lake huongezeka kadiri uzito unavyopungua: punguza uzito kwa theluthi moja, teke linaongezeka kwa nusu. Mtu aliyepigwa mateke ya namna hiyo siku nzima ya mazoezi huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hakuna risasi nyembamba itakayomtibu. Bei ya pili ni mtutu. Unene wake ukipungua kwa asilimia 10, ukakamavu hupungua kwa takriban theluthi moja, kwa sababu unene huhesabiwa mara nne katika hesabu hiyo. Mtutu mwembamba pia hupata moto upesi, na ukipata moto, risasi ya nne na ya tano hazikai pamoja na za mwanzo. Hili la moto halinisumbui. Anayehitaji risasi tano kwa kulungu mmoja ana tatizo jingine.

Bei ya tatu ndiyo inayosahaulika: bunduki nyepesi haitulii mkononi. Pumzi na mapigo ya moyo huichezesha. Dawa yake ni kitu cha kuegemea, na hapa Wamarekani wanafuata kile ambacho waongozaji wa uwindaji Tanzania hubeba kila siku, fimbo tatu zilizofungwa juu. Ni kifaa cha bei ndogo kinachostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Njia ya busara ya kupunguza uzito ilioneshwa na Melvin Forbes, fundi wa West Virginia, miaka ya 1980. Mbao nzima inayoubeba mtutu, kuanzia kitako hadi mbele, aliibadilisha kwa nyuzi za Kevlar na grafaiti, nyepesi na kakamavu, akaulaza mtutu juu yake urefu wote. Chuma cha komeo alikitengeneza kidogo kulingana na risasi, badala ya kuchukua kikubwa na kukitoboatoboa. Bunduki yake ikawa chini ya kilo mbili na nusu na bado ikapiga shabaha. Halafu mteja huenda nayo nyumbani, akaifunga darubini ya karibu kilo moja. Sina la kumwambia.

Wapenzi wa bunduki nyepesi hupenda kumtaja Mskoti Walter Bell (1880–1954), aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7, ileile inayofaa kulungu. Alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi na uingiliwe kwa pembe gani. Kama somo la shabaha, limekamilika. Ila naona ajabu kwamba majarida ya bunduki humsimulia kwa mapenzi bila kutua hata kidogo kwenye elfu moja hiyo, ambayo ilikwenda kuwa meno ya tembo sokoni.

Kuna uchafu mwingine tunaoweza kuuondoa leo. Risasi iliyojazwa madini ya risasi, ikigonga kwa kasi, humwaga chembechembe ndani ya nyama na matumbo. Mwindaji huchukua nyama, matumbo huyaacha nyikani, ndege wala mizoga hushuka. Kondori wa California, ambao mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22, wamekuwa wakiuawa na sumu ya chembechembe hizo kuliko kitu kingine, na jimbo hilo likapiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Za shaba zipo, zinafunguka vizuri na hazivunjiki ovyo. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo risasi yake huwa ndefu na hudai mifereji ya mtutu inayozungusha kwa haraka zaidi. Uliza hilo kabla ya kulipa. Marekani hutoza kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hizo huenda kwa wanyamapori. Ni mpango mzuri, lakini mtu hawezi kulipa kodi ya kulinda ndege kisha akaulisha sumu ukoo wake. Kwetu tumbusi huuawa zaidi na sumu za wadudu zinazopakwa kwenye mizoga. Hata hivyo Tanzania bado inatoa vibali vya uwindaji, na ningependa suala la shaba lizungumzwe kabla tumbusi hawajapata adui wa pili.

Kwa hiyo, kwa nyika: kilo tatu na robo pamoja na darubini ndogo, milimita 6.5 au 7, risasi ya shaba, fimbo tatu, na pesa iliyobaki inunue risasi za mazoezi. Bunduki hiyohiyo itafaa kwa swala-pembe wa Wyoming, ambaye ni mwepesi kuliko kulungu, kwa koyote anayesumbua kondoo, kwa kondoo wa milimani ukibahatika kushinda bahati nasibu ya kibali, na kwa shabaha za karatasi Jumapili. Dubu wa kahawia, mwachie mwenye bunduki nzito.