Ghala ya Mfanyi Biashara Mpya

Watu wengi wanaoanza biashara ndogo ya nafaka huhesabu bei ya magunia, nauli ya gari na kodi ya chumba, kisha hudhani kwamba hesabu imekwisha. Mahali pa kuwekea mali hapafikiriwi. Mahindi hurundikwa pembeni, karibu na debe la mafuta ya taa, na mlango hufungwa. Wazee walisema kwamba akiba haiozi, lakini mahindi si fedha ya benki. Huoza, huliwa, na yaweza hata kuua.

Na tufanye hesabu. Mwenye magunia 20 ya kilo 90 ana kilo 1,800. Wadudu wakila sehemu moja katika kumi, amepoteza kilo 180, yaani magunia mawili kamili. Huenda hiyo ndiyo faida yake yote.

Fukusi twamjua tangu zamani. Dumuzi ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati. Alionekana upande wa Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akapatikana Taveta, hapa Kenya. Yeye hutoboa hata mbao, na mahindi huyageuza kuwa vumbi. Basi mfanyi biashara yampasa ashike mambo manne.

La kwanza ni ukavu. Mahindi yasiingie ghalani kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5. Asiye na kipimo na atwae chupa kavu, atie punje kiasi na chumvi kavu kidogo, aifunge, aitikise, kisha aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu.

Jambo hili si dogo. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui, Machakos na Thika, sumukuvu iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Bidhaa za mahindi zilizokuwa zikiuzwa sokoni zilipopimwa, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kwa hivyo, auzaye mahindi ameshika uhai wa jirani zake mkononi.

La pili ni chumba. Paa lisivuje, na nyufa za kuta na sakafu zizibwe. Magunia yasikae chini wala kuegemea ukuta. Yapangwe juu ya vichaga vya mbao, na nafasi ya kupita mtu iachwe pande zote, ili hewa ipite na panya wasipate maficho. Mafuta ya taa, sabuni na dawa za shamba viwe katika chumba kingine. Kabla ya kuingiza mali mpya, mabaki ya zamani yafagiliwe yote na kuchomwa, maana ndimo wadudu wanamongoja.

La tatu ni magunia yenyewe. Siku hizi yako magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Namna hii ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wakulima wa kunde wa Kamerun katika miaka ya 1980. Wadudu waliofungiwa humo humaliza hewa, wakafa pasipo dawa. Lakini mahindi lazima yawe makavu kwanza, na mfuko usifunguliwe ovyo. Anayependelea dawa na atumie ile iliyoidhinishwa kwa nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa.

La nne ni daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gunia liandikwe siku lilipoingia, uzito wake na lilikotoka. Lililotangulia kuingia na litangulie kutoka. Kila juma gunia moja mojawapo la kawaida lifunguliwe na kukaguliwa. Unga ukionekana chini ya gunia, usingoje soko lipande bei.

Aliye na fedha chache asikate tamaa. Ufagio, mbao chache, chumvi na daftari havina gharama kubwa. Afadhali kuanza na magunia matano yaliyotunzwa vema kuliko hamsini ya kulisha dumuzi.