Deni la Kipuri

Lori linalounganishwa Kenya hufika nchini likiwa vipande. Kabini, injini, ekseli, vioo, nyaya na mifuko ya boliti hupakiwa kwenye makreti, makreti yakatiwa kwenye kontena, na kontena zikateremshwa katika bandari ya Kilindini. Kutoka hapo baadhi hubaki Mombasa kwa kiwanda cha AVA, nyingine hupanda bara hadi KVM, Thika, au Isuzu East Africa, Nairobi. Viwanda hivi vitatu vina mizizi katika miaka ya 1970, na kila kimoja kinaishi kwa kazi ambayo mnunuzi wa lori haioni kabisa: kuhakikisha kipande sahihi kimefika mbele ya fundi sahihi kabla mikono yake haijabaki mitupu.

Kazi hiyo ndiyo wanayotumwa kujifunza wanafunzi wa ugavi na uchukuzi wanapokwenda atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Kwa kawaida huwa ni miezi mitatu. Chuo hutoa barua na daftari la kumbukumbu, kiwanda hutoa msimamizi, na mpango huandikwa mapema: mwezi wa kwanza forodha na bandari, wa pili stoo, wa tatu laini ya kuunganishia. Mwanafunzi naye huandika mradi wake mdogo hata kabla hajavuka lango la kiwanda. Nimesoma mipango mingi ya aina hiyo. Imeandikwa vizuri, na karibu yote inafanana.

Binti mmoja mwanafunzi niliyemfuatilia katika kiwanda nisichokitaja aliingia na mradi wa kubandika misimbo ya mistari (barcode) kwenye masanduku yote ya vipuri, ili hesabu ya kompyuta ilingane na kilichomo stoo. Mwezi wa forodha haukuwepo, maana mizigo ya kiwanda kile ilikuwa ikitolewa bandarini na wakala aliye Mombasa. Akapelekwa stoo, na stoo akabaki. Wiki za mwanzo alisoma namba za makreti na kuzipiga alama kwenye karatasi ya upakiaji.

Mtunza stoo alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Siku moja binti alimwuliza, "Mzee, kreti hili limeshahesabiwa?"

"Limehesabiwa, mwanangu. Ila halijafunguliwa."

Jibu hilo lilibeba mtaala mzima. Kontena linapopokewa, kinachohesabiwa ni makreti. Kompyuta huchukua orodha ya muuzaji na kuamini kwamba kila kilichoandikwa kimo ndani. Ukweli hujulikana misumari inapong'olewa, pengine siku nyingi baadaye, na hapo ndipo huonekana kioo kilichopasuka, bomba lililopindwa, au mfuko wa klipu uliopungua. Muda wote huo mfumo umekuwa ukionyesha kwamba vipo. Msimbo wa mistari usingebadilisha lolote: ungesoma kwa haraka zaidi hesabu ileile isiyo kweli.

Siku nyingine binti akaona jambo kubwa kuliko hilo. Vipuri vya malori hupakiwa kwa loti: vipuri vya idadi fulani ya magari hufungwa pamoja, bila ziada ya maana. Loti iliyokuwa kwenye laini ilipungukiwa klipu za bomba la breki. Klipu ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, lakini gari haliwezi kutoka bila hiyo. Kuagiza nyingine kwa meli ni kungoja wiki nyingi, na kuzileta kwa ndege ni gharama isiyo na uwiano wowote na thamani yake. Laini haingoji. Kijana wa kusambaza vipuri akaja na toroli yake, akafungua sanduku la loti inayofuata, akachukua klipu alizotaka na kuondoka.

Kiwandani wanasema wamekopa. Loti ya kwanza imekamilika, ripoti ya jioni ni safi, na pengo limehamia loti ya pili. Loti ya pili itakopa kwa ya tatu. Deni husafiri hivyo hadi siku inapokosekana loti ya kukopea, na lori linaondolewa kwenye laini na kuegeshwa uani likiwa karibu kwisha, huku mteja aliyelipa akipiga simu kila asubuhi. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka klipu zilianza kupungua lini, na muda wa kumdai muuzaji fidia huenda umeshapita.

Aliyekumbuka ni mzee. Katika mfuko wa koti lake la kazi alikuwa na kijidaftari chenye namba ya kipuri, loti iliyokopa, loti iliyokopwa na tarehe. Hakikuwa kwenye mpango wa kiwanda wala wa chuo. Lakini meneja alipotaka kujua hali halisi, alimwita mzee, hakufungua kompyuta.

Vyuoni tunawafundisha wanafunzi hawa mfumo wa Toyota, na ni sawa kufanya hivyo. Taiichi Ohno wa Toyota na wenzake walionyesha kwamba kipuri kikifika wakati kinapohitajika, kwa idadi inayohitajika, ghala kubwa halina kazi. Tunachokiruka ni mazingira yake. Wauzaji wengi wa Toyota wako jirani na viwanda vyake, mkoani Aichi, na malori yao huingia na kutoka mara nyingi kwa siku. Hata huko mfumo una udhaifu wake: mwezi wa Februari 1997 kiwanda cha Aisin kilichotengeneza vali ya breki kiliungua, na Toyota ikalazimika kusimamisha karibu laini zake zote za Japani kwa siku kadhaa. Kwetu bahari nzima iko katikati. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi wa Machi 2021, na mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwisho wa 2023, mizigo kutoka Ulaya ilichelewa. Ile ya Japani huja kwa Bahari ya Hindi bila kupitia mfereji huo. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo anajua kwa nini kiwanda kimoja kinaweza kuweka akiba ndogo kuliko kingine, na kwa nini akiba kwetu si uzembe.

Binti aliuacha mradi wa misimbo. Kwa ushauri wa mzee alitengeneza kadi ngumu za rangi nyekundu: anayechukua kipuri kwenye loti isiyo yake anaacha kadi ndani ya sanduku, ikionyesha alichochukua na kwa ajili ya loti gani. Nakala inatundikwa kwenye ubao mlangoni mwa stoo, na kila asubuhi ubao unasomwa kabla laini haijawashwa. Kanban, mfumo wa Toyota wa kuitisha vipuri, nao ulikuwa wa kadi za karatasi, kwa hiyo hakuwa ameitupa elimu yake. Alikuwa ameileta ilipohitajika.

Kadi zilifanya kazi, lakini si kila mahali. Zamu ya mchana ilizizoea upesi kwa sababu mzee alikuwa pale na hakuna aliyetaka kumvunjia heshima. Saa za ziada za jioni zilikuwa shida: karani wa stoo hayupo, dereva wa foklifti anahamisha masanduku, kijana wa toroli ana haraka, na kadi hazijazwi. Msimamizi wa binti, mtu mwenye nia njema na shughuli nyingi mno, aliusifu mradi na kuutia sahihi. Mhadhiri wa chuo alikuja, akakaa ofisini, akauliza maswali, akaweka alama. Binti akarudi chuoni. Kadi zilipokwisha, hakuna aliyepewa jukumu la kuchapisha nyingine, na mzee akarudi kwenye kijidaftari chake.

Nakasirika ninapoisimulia hatua hii, kwa sababu hakuna kilichoharibika hapo kwa ukosefu wa akili wala wa bidii. Kazi nzuri ilifika ukingoni ikakosa mwenyewe. Mradi uliandikiwa jina la mtu atakayeondoka, ukatiwa sahihi na mtu asiyeingia stoo, na aliyeufahamu kuliko wote hakutajwa popote. Daftari la kumbukumbu la mwanafunzi lina nafasi ya sahihi ya msimamizi na ya mhadhiri. Mtunza stoo, ambaye ndiye aliyefundisha, hana mstari.

Kuna pia jambo la nauli na viatu. Wanafunzi wengi hawalipwi kitu katika miezi hii, na kiwanda hakimruhusu mtu kukanyaga karibu na foklifti bila viatu vya usalama. Asiye na mzazi wa kumnunulia huombewa kazi ya ofisini, akapanga faili hadi mwisho. Yeye hatalikuta deni la kipuri kamwe, ingawa cheti chake kitasema amefanya lojistiki.

Mengi ya haya hayahitaji bajeti kubwa. Chuo kiweke viatu vya kuazimisha kama kinavyoweka vitabu. Mradi usiandikwe kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, mwanafunzi akiwa ameshasimama pale makreti yanapofunguliwa. Mwanafunzi anayemfuata apokee mradi huohuo auendeleze, asianzishe wake. Na katika kila mradi liandikwe jina la mfanyakazi atakayebaki nao, akiwa amekubali mwenyewe na kupewa muda wa kuusimamia, hata kama ni nusu saa tu kila asubuhi. Kundi lijalo la wanafunzi litaandikiwa barua, na fomu bado inamtaka mwanafunzi ataje mradi wake kabla hajajua amepokewa na kiwanda gani. Sehemu hiyo ya fomu iachwe wazi.