Ngazi Zilizopima Mto Nile

Watu hupanda meli Luxor kwa ajili ya mahekalu, na mahekalu hayamwangushi mtu. Kule Edfu, ujenzi wa hekalu la Horus ulianza mwaka 237 KK ukakamilika mwaka 57 KK. Baadaye mchanga ulilifukia mpaka wanakijiji wakajenga nyumba juu ya paa lake. Mwongoza watalii wetu alilieleza hilo vizuri, kisha akatazama saa, kwani magari ya farasi yalikuwa yanangoja. Mimi nilikawia kwenye ukuta wa mashariki, ambako ngazi zinateremka gizani.

Ngazi hizo zilikuwa kipimo cha mto. Makuhani walishuka kuona maji yamefika alama ipi. Yakipanda vya kutosha, mashamba yamenyweshwa, mavuno yanakuja na kodi nayo inapanda. Yakipungua, ni njaa. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyefika Aswan kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, aliandika wazi kwamba mafuriko makubwa yalimaanisha mapato makubwa.

Kom Ombo nako kuna kisima cha mviringo cha kazi hiyohiyo, ila wageni wengi hukimbilia kuona mamba waliokaushwa.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni kipimo cha kisiwa cha Elephantine, mkabala na mji wa Aswan. Kina ngazi 90 za mawe. Ukutani mna alama za kale, na pamoja nazo tarakimu za Kiarabu juu ya marumaru, kumbukumbu ya ukarabati wa mwaka 1870. Nilizipapasa kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Sisi wa Afrika Mashariki huja hapa na fahari kwamba maji haya yametoka Jinja. Ni kweli kwa sehemu, lakini mafuriko yaliyopimwa hapa yaliletwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, kupwa na kujaa huko kulikwisha. Nyuma yake Ziwa Nasser limefunika vijiji vya Wanubi, ambao miaka ya 1960 walihamishwa kwa maelfu, wengi wao wakapelekwa upande wa Kom Ombo, mbali na mto. Tulipita karibu nao bila kuambiwa neno. Ratiba iliyotupa saa nzima sokoni ingeweza kuwapa hata dakika kumi.

Jioni, mzee wa Kinubi alituvusha kwa mashua ya tanga. Nilimuuliza kwao ni wapi. Mikono yake ilikuwa kwenye kamba, akaelekeza kusini kwa kidevu, upande wa bwawa.