Gari Kuukuu na Rangi Mpya

Wahenga wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami leo nataka tuzungumze, ndugu wasomaji, juu ya kidonda cha kale kinachotiwa upya wa siku moja ili mwenye kukiona akiite kinyemi. Nazungumzia magari yetu makuukuu.

Hapana mtaa wa Mombasa usiolijua jambo hili. Watu wamemaliza sala ya alfajiri, wanatoka msikitini na tasbihi zingali mikononi, mara wamsikia jirani yao akiita, "Jamani, nisukumeni!" Kanzu zinakunjwa, mikono inawekwa juu ya buti, na gari linasukumwa mpaka likohoe, litoe moshi mweusi na kuondoka. Mwenye gari hapungi hata mkono. Si kwa kiburi, bali achelea kuondoa mguu penye mafuta, injini isije ikazima tena.

Katika magari hayo ya kale, lililopendwa mno ni Peugeot, ambalo midomo yetu ililifanya Pijo. Aina ya 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, 504, aliyetoka Ufaransa mwaka 1968, akashinda mwaka 1975 na tena 1978. Gari lililoyaweza matope na mawe ya mashindano yale, watu walisema, litashindwaje na barabara ya Malindi? Likaunganishwa hapa hapa Kenya, spea zikajaa madukani, na lile refu la viti safu tatu likawa matatu ya safari za mbali. Fundi aliyejifunza kazi chini ya mkungu aliweza kulifungua na kulifunga kwa spana chache na bisibisi.

Lakini lililoshinda matope halikuweza kuushinda upepo wa bahari. Chumvi huruka na upepo, hutua juu ya bati, huvuta unyevunyevu, na maji yenye chumvi hulila chuma upesi kuliko maji matupu. Wala kutu haianzi pale jicho linapoona. Huanza chini ya sakafu, na ndani ya milango mahali maji ya mvua yanapotuama. Siku inapochomoza nje kama kijipele chini ya rangi, ujue ndani imekwisha kula ikashiba.

Na yako maji ya visima vyetu. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi vina maji ya chumvi na chokaa. Mtu akiishiwa maji ya radieta, huchota kisimani akatia. Maji hayo yakipata moto huacha ukoko kama ule uonekanao ndani ya birika la chai. Ukoko huziba vijia vyembamba vya radieta, injini hupata joto kupita kiasi, na ile gasketi iliyo baina ya kichwa cha injini na bloku huungua. Kichwa cha 504 ni cha aluminiamu na bloku yake ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi kwa moto, kwa hivyo joto likizidi kichwa hupinda. Hapo maji huingia katika oili, na oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mwenye kuliona hilo ajue kuwa mfuko wake umepata kazi.

Tusiwadharau mafundi wetu. Tangi la petroli likivuja, husugua kipande cha sabuni penye ufa, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na mtu akafika kwake. Radieta ikitoboka njiani, humimina unga wa manjano au ute wa yai, na vitu hivyo vya jikoni vikaziba tundu. Hizo ni hila za kumfikisha msafiri, wala hapana ubaya. Ubaya huja pale hila ya safari inapofanywa hila ya soko.

Hili nalijua kwa kuwa lilinifika mimi mwenyewe.

Marehemu baba alinunua 504 mwaka 1979. Iliwabeba maharusi wa mtaa mzima, ikawapeleka waja wazito hospitali usiku wa manane, na mwaka 2004 ikatufuata makaburini tulipokwenda kumzika yeye. Ndugu zangu wakaniachia mimi, pamoja na maradhi yake. Kwa miaka kumi na minane nikawa kama mume wa wake wawili, mmoja nyumbani na mmoja gereji, na yule wa gereji ndiye aliyekuwa akidai zaidi.

Mwaka 2022 paa la nyumba yangu lilianza kuvuja, na masika yalikuwa yakaribia. Nikakata shauri kuliuza gari ninunue mabati. Nilipomwambia fundi wangu, akafurahi.

"Niachie siku tatu, Maalim," akasema. "Hizi kutu nitazijaza pati na kuzipiga rangi. Injini nitaitia oili nzito isigonge. Radieta tutaitia manjano. Mnunuzi akilipeleka Kongowea na kurudi, halitasema neno."

"Na akifika Mtwapa?"

"Akifika Mtwapa litakuwa lake, si lako."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama. Kwani mnunuzi alikuwa amekwisha kuja jana yake, kijana mwalimu wa chuo, mpole wa maneno. Aliniambia kwa kupitia tu kwamba mama yake ana maradhi ya figo na hupelekwa hospitali mara mbili kwa wiki, na teksi zimewamaliza. Tulikwisha kutaja shilingi 180,000, naye hakubisha.

Usiku ule sikulala vyema. Nikaikumbuka hadithi tuliyosomeshwa tungali watoto, aliyoipokea Imam Muslim katika Sahihi yake: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule unyevu juu watu wakauona, kisha akaambiwa kuwa mwenye kughushi si katika wenzake. Nikajiona mimi ndiye yule bwana wa nafaka, na pati ya fundi ndiyo ile nafaka kavu ya juu.

Asubuhi nikachukua karatasi, nikaandika aibu zote za gari nilizozijua. Zilifika saba: gasketi imeanza kupitisha maji, kichwa kinahitaji kusawazishwa, sakafu imeoza upande wa dereva, tangi linashikwa na sabuni, gia ya pili huruka, breki ya mkono haishiki, na mlango mmoja wa nyuma hufunguka wenyewe penye kona. Nimetunga mashairi mengi maishani mwangu, lakini hapana ubeti ulionipa taabu kama karatasi ile.

Kijana akasoma polepole mpaka mwisho. Akauliza, "Na wema wake, Maalim?"

Nikamwambia, "Wema wake ni kuwa halijapata kumwacha mtu njiani usiku. Lakini nawe una mgonjwa. Usilichukue kabla kichwa hakijafunguliwa."

Tukaenda pamoja kwa fundi, akahesabu gharama mbele yetu. Alinung'unika kidogo, lakini kazi aliipata yeye, na safari hii ilikuwa kazi ya kweli. Tukapatana shilingi 110,000. Kijana akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya kisanduku cha deshibodi.

Shilingi 70,000 zikaenda hivyo, na si jambo dogo kwa mtu wa kalamu. Mabati niliyoyapata yalitosha nusu ya paa. Masika yalipofika tukatega ndoo chumba cha nyuma. Mke wangu akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Angalau sisi twajua panapovuja."

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukienda kununua gari kuukuu, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, nawe omba liwashwe mbele yako. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Inua mkeka wa sakafu. Chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya bodi, kwani sumaku hushika bati lakini haishiki pati. Na rangi mpya juu ya gari la kale iulize inaficha nini.

Nawe uuzaye, usijikinge kwa neno la "umeliona, umeliridhia." Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi hufundisha kuwa aliyenunua kitu kisha akagundua aibu ya tangu kale aliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha. Na hata asipokirudisha, iko hesabu nyingine isiyofutwa kwa rangi.

Gari lile hulisikia mara mojamoja alfajiri likipita mtaani petu, nami hulijua kwa sauti. Siku nyingine huzima pale penye kona. Basi sisi tutokao msikitini hukunja kanzu zetu, tukaenda tukalisukuma.